Vishimo vya Kijani

Kila asubuhi nilianza na wembe. Natandika karatasi nyeupe mezani, namwaga mbu waliokaushwa, nawageuza chali kwa kibanio, kisha nakata pale kifua kinapokutana na tumbo. Kichwa na kifua vinaingia kwenye kichupa cha kusagia. Tumbo linakwenda kwenye kopo la taka. Mmoja, wa pili, wa tatu. Mwaka ule, 1996, nilikuwa na miezi saba pale Ifakara tangu nitoke chuo cha maabara, na kazi hiyo niliweza kuifanya huku nikiwaza mambo mengine kabisa.

Nilikuwa kwenye mbu wa kumi na mbili, Jumatatu moja ya Machi, Beatus, mkamataji wetu wa mbu, alipousukuma mlango kwa goti. Mikononi alibeba boksi.

"Eveline, mdogo wangu, acha hao. Dakta anataka hawa kwanza. Mia moja themanini na nne. Majibu Alhamisi."

"Wa wapi?"

"Lubalizi, kwa wafugaji. Nimewakamata mwenyewe alfajiri kwenye kuta za mazizi. Wameshiba hao, hata kuruka hawawezi. Ukiwasalimia wanacheua."

Nilifungua boksi na harufu ikanijia usoni. Damu iliyokauka nusu ina harufu ya chuma, na hii ilichanganyika na samadi. Mbu tuliowazoea, wale wa kwenye mitego ya taa majumbani mwa wakulima, wengi wao huwa na tumbo tupu, jembamba kama uzi. Hawa matumbo yalikuwa meusi, yamevimba kama punje za pilipili manga. Nilimkata wa kwanza. Tumbo lilipasuka chini ya wembe, na uji mweusi ukatambaa kwenye karatasi hadi kwenye glavu yangu. Wa pili vilevile. Wa tano alipopasuka, tone liliruka likanipata juu ya mdomo. Nikakimbilia sinki, nikatapika chai yote.

Naona haya kuyaandika haya. Nyumbani Mahenge, kuku akichinjwa nilikuwa naenda kukaa kwa jirani, na mama alikuwa akisema, "Wakati wa kula utarudi." Mtu wa namna hiyo amekwenda kusomea maabara. Nilisukutua mdomo, nikasimama mbele ya meza ile, na sikumwita mtu. Nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: mbu mia moja sabini na tisa waliobaki niliwatumbukiza kwenye vichupa wazimawazima, na matumbo yao. Nikasaga huku nimegeuza uso. Nilijiambia kwamba malaria kama ipo kifuani itaonekana tu. Tumbo lingeongeza nini?

Kipimo chenyewe ni hivi. Protini si donge. Mwalimu wetu chuoni alisema ni kama jembe: bapa ni kitu kimoja na mpini ni kitu kingine, kila kimoja kina umbo lake na kazi yake, na bapa utalitambua hata ukilikuta limetiwa mpini wa mtu mwingine. Kingamwili ni protini ya namna hiyo. Ina mikono miwili na mkia mmoja. Mikono ndiyo inayochagua. Ile yetu ilishika koti la kijidudu cha malaria, basi, haikutaka kingine. Mkia hauchagui. Kingamwili za aina moja zote zina mkia uleule, na kazi ya mkia ni kushikwa na wengine. Mwilini mwetu protini hushikana hivyo, kipande kwa kipande, hadi tano au sita zinakuwa kundi moja, na kundi hilo linafanya kazi ambayo hakuna hata moja ingeiweza peke yake.

Sisi tulijenga kundi dogo la aina hiyo kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita. Kingamwili ya kwanza tunailaza chini ya kishimo. Tunamwagia maji ya mbu aliyesagwa. Kama ana malaria, koti la kijidudu linashikwa pale chini. Kisha tunatia kingamwili ya pili, iliyofungiwa kimeng'enya cha kutoa rangi, nayo inalishika koti hilohilo kwa juu. Kijidudu kinakuwa mshenga kati ya koo mbili. Tunaosha. Mshenga asipokuwepo, ile ya pili inaondoka na maji na kishimo kinabaki cheupe. Akiwepo, kishimo kinageuka kijani.

Alhamisi saa nne, katika sahani mbili za mbu wa Lubalizi, vishimo sitini na kimoja vilikuwa kijani.

Katika mbu mia moja, sisi tulizoea kupata wawili au watatu. Dakta Kelestini, mkuu wa mradi wetu mdogo wa mbu, aliishika sahani moja juu dirishani akapiga mluzi.

"Theluthi! Eveline, unajua maana yake? Theluthi nzima ya mbu wa kitongoji kimoja!"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa namba kubwa. Kabla ya saa sita alikuwa ameshaandika barua, na kesho yake mwenyekiti wa kijiji cha Lubalizi, Donati, mkulima wa mpunga, alikuja kwa baiskeli na mtendaji wake kuichukua. Nilikuwa namimina chai.

"Kumbe hawafugi ng'ombe tu," mtendaji alisema, "na mbu wanafuga!"

Wakacheka. Dakta naye akacheka, huku makombo ya andazi yakimruka mdomoni.

"Watu wanalala na ndama ndani," mtendaji aliendelea. "Wanaoshea vyombo mkojo wa ng'ombe. Ungetegemea nini? Mimi nikipeana nao mkono natafuta majivu ninawe."

Donati alikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akasema mkutano utakuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, kwenye ghala la ushirika, na wafugaji watapewa siku saba kuvusha mifugo ng'ambo ya mto. Afya ya watu kwanza, alisema. Hakumtazama yeyote alipokuwa akisema hivyo.

Dakta akanigeukia. "Utuchoree bango. Vishimo vya kijani, vikubwa, wavione hata walioko nyuma."

Nikachora. Mchana wote wa Ijumaa nilipaka rangi ya kijani kwenye karatasi ya manila, nikifuata sahani zilizokuwa mbele yangu kishimo kwa kishimo. Ndipo nikaona. Vishimo vitano vya mwanzo vilikuwa vyeupe. Ni wale mbu watano niliowakata. Kuanzia wa sita kijani kilitapakaa, na kilikolea zaidi kwa wale ambao kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika "tumbo limejaa sana".

Mkono wangu ulikuwa na rangi hadi kwenye kiwiko. Nilikwenda kuunawa, haikutoka vizuri.

"Kaka Beatus," nilimwambia jioni, tukifunga madirisha. "Ukimsaga mbu mzima, inakuwaje?"

"Unapata uji wa mbu. Hauhitaji sukari." Kisha akanitazama. "Uliwasaga wazima?"

Nilivuta komeo la dirisha.

"Wote?"

"Watano niliwakata."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Kinyaa."

Nilidhani atanipigia kelele. Alikaa juu ya kreti, akavua kofia. "Mimi nilitapika wiki nzima ya kwanza, unajua? Ningekwambia mapema, ila ningekosa cha kukucheka. Tumbo lina damu ya ng'ombe. Sasa damu ya ng'ombe inafanya nini kwenye vishimo vyetu?"

"Sijui. Tunaweza kujua."

Katika chumba cha nyuma tulifuga mbu wetu wenyewe, waliozaliwa humo kizazi baada ya kizazi, ambao hawajawahi kumuuma mgonjwa. Kila Jumatano Beatus, aliyepimwa damu asubuhi hiyohiyo na kuonekana salama, aliingiza mkono kwenye kizimba wakamla. Aliwaita wake zake. Mbu hao hawakuweza kuwa na malaria hata kidogo. Kama wakishiba damu ya ng'ombe, wakasagwa wazima, na vishimo vikageuka kijani, basi kijani hicho hakikuwa malaria.

Jumatatu tulipakia mbu arobaini kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa neti, tukapanda pikipiki ya mradi. Mvua ilikuwa imeifanya barabara kuwa uji. Mara mbili niliteremka kusukuma. Kwa mzee Mabula tulifika saa tano, na boma lake lilikuwa bwawa la samadi. Nilipotia mguu, ilipanda hadi karibu na goti, vuguvugu, ikaingia ndani ya kiatu na kukaa katikati ya vidole.

"Mwangaluka, mzee," Beatus alisalimia.

"Mwangaluka." Mabula alikuwa mrefu, mwenye ndevu chache nyeupe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatazama vikombe. "Hivyo ni nini?"

"Mbu, mzee. Tunaomba tuwalishe kwenye ndama wako mmoja."

Mabula alimgeukia mkewe. "Merina, njoo usikie! Watu wa Ifakara wamekuja na mbu wao. Wamevuka tope lote lile kuja kuwalisha kwetu."

"Kwao watu wameisha?" Merina alijibu kutoka jikoni. "Au wa kwetu hawatoshi?"

Hata hivyo walitushikia ndama. Nilipiga magoti kwenye samadi, nikabana kikombe kwenye tumbo lake pale Beatus alipomnyoa. Ngozi ilikuwa inarukaruka. Kupitia kwenye neti niliwaona mbu wakitia midomo, matumbo yakigeuka mekundu, yakinenepa, na wengine wakidondosha matone nyuma huku bado wananyonya. Mate yalinijaa mdomoni.

"Binti, unataka kutapika," Merina alisema. Alikuwa amesimama juu yangu na kibuyu.

"Hapana, mama."

"Unataka. Nenda katapike kule, usimtapikie ndama."

Nikaenda. Niliporudi alinipa maji, si maziwa, na nikashukuru kwamba alijua. Akashika kikombe mahali pangu, akacheka kidogo, akakibana vizuri kuliko mimi.

Mabula hakutania tena. "Tumesikia maneno," alisema. "Kwamba ng'ombe wetu ndio wanaoleta malaria. Wewe ndiye mpimaji?"

"Ndiyo, mzee."

"Kule Meatu tulikotoka nilizika mtoto. Malaria. Alikuwa na miaka minne, na alikuwa analala karibu na ndama, anapenda joto lao. Sasa nauliza. Kama ng'ombe ndio waliomuua, niambie leo. Nitawaondoa mwenyewe, sitangoja mkutano."

Merina alikuwa ameinamia kikombe. Hakuinua kichwa, lakini mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

Nilijua jibu, au nilikaribia kulijua. Nikatazama viatu vyangu. "Bado tunapima, mzee," nikasema.

Tulipima Jumatano. Mbu ishirini walioshiba damu ya ndama nikawasaga wazima: vishimo tisa vikawa kijani. Ishirini wengine walioshiba damu hiyohiyo nikawakata, tumbo kwa tumbo, nikiwa nimejifunga kitambaa puani: hakuna hata kimoja. Kumi waliomla Beatus nikawasaga wazima: hakuna. Beatus alisema wake zake wamemheshimu.

Nadhani nilielewa kilichotokea. Katika damu ile ya ng'ombe kulikuwa na protini yenye kipande kinachojua kushika mikia. Haikuhitaji kijidudu wala koti. Ilishika mkia wa kingamwili ya chini, ikashika na mkia wa ile ya juu, ikaziunganisha. Kundi likajengeka, rangi ikatoka, na katikati hapakuwa na malaria yoyote. Mshenga wa uongo, na aliyemwita ni mimi, nilipoyatia matumbo yale.

Nilimpelekea Dakta daftari na sahani zote. Alikuwa anakula kitoga ofisini, samaki mnono, kwa mikono. Alisoma huku mafuta yakimshuka kwenye kidevu, na ukurasa wangu ukabaki na alama za vidole vyake.

"Hii ni kazi nzuri," alisema. "Nzuri sana. Tutaiandika." Alichomoa mwiba katikati ya meno, akautazama, akauweka ukingoni mwa sahani yangu ya vishimo. "Ila Jumamosi usiwachanganye watu. Nakala ya barua imeshafika wilayani. Nitarekebisha kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka."

Mwisho wa mwaka ng'ombe wale wangekuwa wapi? Mto ulikuwa umejaa, na ndama hawavuki mto uliojaa. Nilitaka kusema hivyo. Niliutazama ule mwiba mweupe, wenye mnofu bado umeung'ang'ania, nikasema, "Sawa, Dakta."

Nilikwenda chooni nikanawa mikono mara tatu. Haikuwa mikono iliyokuwa michafu.

Jumamosi ghala la ushirika lilijaa. Wakulima walikaa kwenye magunia na mabenchi. Mabula, Merina na wafugaji wengine kama ishirini walikaa karibu na mlango, na kati yao na wengine kuliachwa nafasi ya hatua tatu. Mwanamke mmoja alikuwa amejiziba pua na khanga, na aliiondoa tu alipotaka kuongea na jirani yake. Dakta alitundika bango langu ukutani. Baadaye watu walitaka kuliona kwa karibu, likapitishwa mkono kwa mkono, na walilishika kwa pembe, kwa ncha za vidole, kama mtu anavyoshika nepi. Mzee mmoja alilitemea mate. Yakateremka kwenye vile vishimo nilivyovipaka rangi kwa uangalifu mkubwa, isivuke mstari.

"Theluthi ya mbu," Dakta alisema, "imeonyesha rangi." Hakusema malaria. Alisema rangi, na nikajua kwamba amechagua neno hilo usiku kucha.

"Mmesikia," mtendaji alisema. "Uchafu wao unaua watoto wetu. Siku saba."

Mabula alisimama. "Mimi niliwauliza wapimaji," alisema. "Waliniambia bado. Kama sasa wamemaliza, na ndivyo ilivyo, basi." Aliketi, akaweka kofia yake juu ya magoti, na nikaona kwamba ameamini. Alikuwa ameamini kwamba alimlaza mwanawe pembeni ya kilichomuua.

Nilisimama. Sikumbuki kuamua. Beatus alinishika kiwiko, sijui alitaka kunizuia au kunishikilia.

"Si kweli," nilisema.

"Sauti!" mtu alipaza nyuma.

"Si kweli! Rangi ile si malaria. Ni damu ya ng'ombe."

"Eveline, kaa," Dakta alisema taratibu.

"Mbu wanatakiwa kukatwa. Tumbo linatupwa, linapimwa kifua. Mimi sikuwakata. Walikuwa wamejaa damu, nikasikia kinyaa, nikatapika, nikawasaga wazima. Damu ya ng'ombe ikatoa rangi yenyewe. Nimerudia kwa mbu wetu wa maabara ambao hawana malaria, wakatoa rangi hiyohiyo. Nilipowakata, hawakutoa. Dakta ameyaona majibu."

Mwanamke aliyejiziba pua aliishusha khanga akasema, "Kwa hiyo ni wewe tu, na tumbo lako dhaifu?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Wachache walicheka. Nikageuka kuelekea mlangoni, kwa sababu maneno haya hayakuwa ya ghala zima. "Mzee Mabula, mama Merina. Mbu ndiye anayebeba malaria, kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Ng'ombe haugui malaria yetu wala hampi mtu. Ndama wenu hawakumuua mtoto. Jumatatu nilitakiwa kuwaambia, na sikuwaambia."

Merina alijifunika uso kwa khanga. Mabula hakusogea.

"Sasa kwao mbu wenye malaria hawapo?" mtendaji aliuliza, barua yenye mhuri mkononi.

"Wapo, kama kwenu. Nani ana wengi zaidi, sijui. Inabidi nianze upya."

Mtendaji alimtazama Dakta. Dakta alivua miwani akaifuta kwa shati. "Anachosema ni sahihi," alisema hatimaye. "Nitaandika barua nyingine."

Minong'ono ikaanza, ikapanda. Mtu alisema basi tumekuja hapa kufanya nini. Mwingine akasema hata kama si mbu, wananuka. Donati, mwenyekiti, alikuwa amekaa muda wote na viganja juu ya meza. Akasimama, akaichukua ile barua mkononi mwa mtendaji, akaikunja, na safari hii hakujua aiweke wapi.

"Kaa, binti, umechoka," aliniambia. Kisha akapita ile nafasi ya hatua tatu, akasimama mbele ya Mabula. "Mimi malaria nimeugua tangu nazaliwa, na sijawahi kuiitia mkutano. Mabula, ng'ombe wako wamekula mpunga wangu misimu miwili. Nimeshindwa kukwambia, kwa sababu mwaka ule nilipovunjika mguu ulinilimia kwa maksai wako, na nikaona haya. Nikaona heri mbu wanisemee. Sitaki uhame. Nataka uwafunge ng'ombe wako mpunga ukiwa shambani."